Mtoto wa Mhogo Amerudi Kutoka Angani

Mdogo wangu Somoe,

Mhogo umeliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalongoja kulisikia kutoka nyumbani, kabla ya salamu na kabla ya pongezi. Mama ameumenya kwa mkono wake, ameupika kwa tui la nazi, na tumeula uani kwake hapa Msimbati mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Mjomba Saidi, ambaye amekuwa akicheka tangu juzi, ndiye aliyekwangua ukoko.

Barua hii ningeweza kukutumia kwenye simu ukaisoma peke yako. Nimeamua isomwe na kila mtu kwa sababu waliokubeza hawakukubeza chumbani. Walikubeza redioni, vijiweni, na kwenye simu za watu wanaosambaza kila kitu isipokuwa akili. Mimi, unavyonijua, sijawahi kutukanwa hadharani nikajibu kwa kunong'ona. Na anayekutukana wewe ananitukana mimi zaidi, maana wewe una moyo wa kusamehe na mimi sina.

Kwa kuwa wengine wanaosoma hapa hawakujui, nivumilie nikusimulie habari zako mwenyewe. Wewe ni binti wa mvuvi na mama mkulima wa mihogo, mzaliwa wa Msimbati, kijiji ambacho ukifuata ufuko kwenda kusini unafika Ruvuma inapomwaga maji yake baharini, na nchi yetu nayo inaishia hapo. Umesoma shule za Mtwara, ukapata ufadhili, ukaenda ng'ambo, ukawa mhandisi. Leo uko katika kundi linalotengeneza viti vya chombo kipya cha kupeleka watu anga za juu. Si chombo chote, ulinikanya nisikuzidishie. Viti tu, na mikanda inayomfunga mtu kwenye kiti chombo kinaporudi duniani kwa kishindo.

Wiki iliyopita chombo hicho kilirushwa kwa mara ya kwanza, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Kwenye kiti chako ilikaa sanamu yenye kimo na uzito wa mtu mzima, imejazwa vifaa vya kupimia: imebanwa kiasi gani, imetikiswa kiasi gani, shingo imestahimili nini. Ikazungushwa huko juu, na juzi ikarudi.

Hapo kati ndipo maneno yalipoota. Bwana mmoja redioni, simtaji kwa sababu kumtaja ni kumpamba, alisema: "Yaani binti wa Msimbati kasoma miaka yote hiyo ili apeleke mdoli angani? Si angebaki nyumbani acheze naye?" Studio nzima ikacheka. Kesho yake nilimsikia muuza nguo wa Chikongola, mjini Mtwara, akilirudia neno hilo kwa wateja wake kama lake.

Nimetumia utu uzima wangu wote kuandika makala za kuwashambulia wakubwa, na watu wanasema siku nikikosa wa kugombana naye nagombana na kioo. Lakini safari hii hasira ilinikataa. Nilicheka. Bwana yule hajui kwamba wewe mwenyewe uliingia duniani ukitanguliwa na mdoli, na kwamba mdoli huyo alikuwa mhogo.

Unaijua hadithi, lakini hukuwa na macho ya kuiona ilipotokea. Mimi nilikuwa nayo.

Nilipozaliwa mimi, baba alinitundikia bembea ya kulalia kwenye boriti ya nyumba. Kipande cha turubai, na kamba iliyotoka kwenye jarife lake kuukuu, ule wavu mkubwa wa kuvulia papa. Kamba iliyowahi kumshika papa, nani angeitilia shaka mbele ya kichanga? Nikalazwa siku ileile. Kumbe kamba ilikuwa imeliwa na chumvi kwa ndani. Nikaanguka, mkono wa kushoto ukavunjika, mzee wa kuunga mifupa akauunga, nao ukaungika ulivyotaka wenyewe. Mpaka leo haunyooki. Wanaoniona kwenye mikutano wanadhani nimekunja kiwiko kwa jeuri.

Ulipozaliwa wewe, baba alileta kamba mpya kabisa, bado inanuka dukani. Akaifunga, akaining'inia kwa mikono, akasema imara. Mama alikuwa amekupakata. Akasema hapana.

"Mama Hadija, hii mpya," baba akamwambia.

"Mpya naiona. Nani ameilalia?"

"Sasa unataka nilale mimi?"

"Wewe utavunja nyumba. Namlaza kwanza asiyelia."

Akakuweka mapajani kwangu, akaenda shamba la nyuma, akarudi na mihogo. Akaishika mikononi kama anavyokushika wewe, akapunguza mmoja, akaongeza mwingine mdogo, mpaka uzito ukamridhisha. Akaifunga kwa kanga yake, akailaza kwenye bembea, akaanza kuibembeleza. Hakucheka. Waliocheka ni majirani waliokuwa wamekuja kukuona. Mmoja akasema, "Jamani, Asiyelia huyu mtulivu! Kamzidi Hadija!" Halafu kicheko kikaisha, na sijui nani alianza, wakawa wanaiimbia ile mihogo kama wanavyomwimbia mtoto. Mama aliibembeleza polepole, kisha kwa nguvu, kisha akaisukuma kwa hasira kabisa, turubai likawa linagonga ukuta. Mimi nilikuwa nimekushika, nikamwona anavyotoa machozi. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba haililii ile mihogo. Anaulilia mkono wangu.

Kamba ilikaa. Mihogo ikafunguliwa, ikapikwa, waliokuwapo wakala. Mimi, dada mtu, nilipewa kipande cha kwanza. Mama alipoona vinywa vyote vimetafuna, akakuchukua kwangu na kusema, "Haya. Sasa mtoto apande."

Hivyo tu. Hapakuwa na mganga wala hirizi, wala mtu aliyesomea chochote. Lakini tangu siku ile katika mtaa wetu hakuna mtoto aliyepanda bembea mpya kabla ya Asiyelia kuilalia, mhogo ukaliwa, na maneno yale yakasemwa. Wajukuu wa wale majirani wanafanya hivyo mpaka leo na hawajui utaratibu huo ulianzia wapi. Ulianzia kwenye kiwiko changu.

Nawe ukaugeuza kuwa ugonjwa. Unaukumbuka mkorosho wa nyuma ya nyumba ya Mjomba Saidi? Ulikuwa msimu wa mabibo, chini pote kunanuka uchachu na nyuki wamelewa. Tulikuwa tumefunga bembea ya kuchezea kwenye tawi refu, na mimi nimekwisha kujifunga kanga kiunoni nipande wa kwanza, kwa haki ya ukubwa. Ukanishika nguo kwa nyuma.

"Dada, Asiyelia kwanza."

"Toka, mwoga we!"

"Nitamwambia mama."

Watoto wote wakacheka. Wakakuita bibi kizee, wakakuita mama mhogo. Wewe ukaenda taratibu ukaburuta kiroba cha mihogo kutoka jikoni kwa mke wa Mjomba, ukakifunga pale kwenye bembea mafundo manne yanayofanana, ukarudi nyuma, ukasukuma kwa mwili mzima. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Mimi nikasema umeona? Mara ya tatu tawi likalia kama bunduki, na Asiyelia akaenda kupasukia kwenye mabibo.

Hakuna aliyecheka tena. Ukalitazama tawi, ukanitazama mimi, ukasema kwa sauti yako ile ndogo: "Mkono wako wa pili huo, dada."

Nimesoma vitabu vingi, Somoe. Nimebishana na maprofesa. Sijawahi kupewa hoja iliyonifunga mdomo kama ile, na ilitoka kwa mtoto mwenye makamasi.

Sasa nisimulie lile ambalo hukutaka lisimuliwe, na utanisamehe kama kawaida yako. Kabla ya safari hii mlikuwa mnakiangusha kiti ardhini, sanamu ikiwa imefungwa, kuona kama kinastahimili kishindo. Kiti kikastahimili. Wenzako wakapeana mikono. Wewe ukaenda kukikagua, ukaona mkanda wa bega umeteleza upana wa kidole. Wakakuambia upana wa kidole unaruhusiwa. Ukasema unaruhusiwa na nani. Mkubwa wako akauliza unataka nini hasa, ukajibu unataka ufumuliwe, ushonwe upya kwa namna nyingine, kisha uangushwe tena. Safari ikasogezwa mbele. Hukuwa peke yako uliyetaka isogezwe, uliniambia hilo pia nisizidishe, lakini wewe ndiye uliyenyooshewa kidole.

Ulinipigia simu siku hiyo. Uliongea Kiswahili cha mtu aliyekaa kimya siku nzima.

"Dada, hapa sasa hivi hakuna anayenisalimia vizuri."

"Wapigie kelele!"

"Huku hawabishani kwa kelele. Wanabishana kwa vipimo."

"Basi wapige kwa vipimo!"

Ukacheka kidogo. Halafu ukasema neno ambalo nimekaa nalo tangu siku hiyo. Ulisema mkanda mpya ni wako, umeuchora wewe, na umeweka sahihi kwamba umekaza. "Asiyelia akirudi mkanda umeteleza tena, mimi ndiye niliyesema umekaza. Na baada ya Asiyelia wanapanda watu. Nawajua, dada. Nimewapima mabega kwa mikono yangu."

Kwa hiyo, bwana wa redioni, mdoli uliyemcheka alikuwa amekalia roho za watu wenye majina na watoto, na amekalia neno la mdogo wangu. Sisi hapa nyumbani tulilijua hilo. Wewe ulikuwa unajua nini?

Juzi asubuhi nilitoka mjini Mtwara nikaja Msimbati na simu yenye chaji na bando la kutosha, kwa sababu Mama alisema hataki kusimuliwa. Nilimkuta amekwisha kung'oa mhogo. Ameufunga kwa kanga ileile ya zamani, ambayo sasa maandishi yake hayasomeki, ameulaza juu ya jamvi kando yake, na hataki mtu auruke. Mjomba Saidi alikuja na kiti chake, kama mtu anayekuja kuona mpira.

"Haya, mpwa wangu, nionyeshe hiyo ndege isiyo na rubani. Anaiendesha nani? Shetani?"

"Inajiendesha, Mjomba."

"Na ndani kuna mdoli."

"Kuna sanamu."

"Mdoli. Serikali za watu zinaunguza moto wote huo kumtembeza mdoli! Hapa mtoto wangu hana hata baiskeli!"

Unamjua Mjomba. Ndiye aliyesema usipelekwe sekondari, na ndiye aliyeuza mbuzi wake akakununulia sare alipoona umefaulu. Hajui kusema jambo jema bila kulitanguliza na baya. Lakini mimi sikuwa na subira. Nikamuuliza, "Mjomba, mabomba ya gesi yalipokuwa yanalazwa pale Madimba, wewe si ulikuwa mlinzi?"

"Nilikuwa. Nililinda vizuri sana."

"Kabla ya gesi waliyajaza nini?"

Akavuta koti. "Maji."

"Maji ya nini? Mabomba yalikuwa na kiu?"

"Walikuwa wanaangalia kama yanavuja."

"Basi mdoli ni maji."

Mama, macho kwenye simu, akasema, "Mdoli ni mhogo. Nyamazeni."

Kwenye kioo tukaona mchoro wa chombo kikishuka. Mtangazaji anaongea Kiingereza, mimi natafsiri. Nikawaambia sasa kinaingia kwenye hewa ya dunia, kwa mwendo ambao hewa yenyewe inawaka, na ngao iliyo chini yake inapokea moto wote. Mama akaushika mhogo. Mara mtangazaji akasema mawasiliano na chombo yamekatika. Nikatafsiri hivyo hivyo, yamekatika.

Mjomba alicheka mpaka akashika goti. "Kumbe hata kwao mtandao unakatika! Waambie wapande juu ya mnazi, kama sisi!"

Nami, Somoe, nikacheka naye. Ndivyo tulivyo Msimbati: mtandao ukikatika hatuogopi, tunanyanyua simu juu. Nilisimama, nikaanza kuitembeza simu uani huku na huku kama mtu anayetafuta harufu, nikaenda mpaka kwenye tuta karibu na choo, ambako mawimbi ya simu huwa mazuri. Nilidhani ni bando. Nilidhani ni sisi. Mama ndiye aliyeniita.

"We Hadija, rudi ukae. Si simu yako. Huyo anayetangaza naye amenyamaza."

Nikatazama. Kweli. Watu wote kwenye kile chumba chao kikubwa cha kuongozea chombo walikuwa wamekaa wima, hakuna anayemtazama mwenzake, na kimya chao kilikuwa kinatufikia vizuri kabisa. Mtandao wetu ulikuwa mzima. Kilichonyamaza ni chombo, ndani ya moto. Nikakaa chini. Mjomba akavua kofia yake, akaiweka gotini. Mama alikuwa amekwisha kuupakata mhogo, na ameanza kuutikisa polepole.

Nilikuwa nimeukamata mkono wangu wa kushoto kwa wa kulia.

Halafu sauti ikarudi, chumba kikalipuka kwa makofi, na tukaiona miavuli ikifunguka juu ya bahari, mikubwa, yenye rangi, na chini yake kitu kidogo cheusi kama chungu kilichoungua. Kikatua majini. Mjomba akasimama akapiga kelele iliyowatoa majirani majumbani. "Mhogo umeshuka! Mhogo umeshuka, jamani!" Yeye, aliyesema mdoli.

Watu wakajaa uani. Wakataka mhogo upikwe palepale. Mama akakataa.

"Bado. Kushuka si kitu. Hata Hadija alishuka."

Hajawahi, tangu nizaliwe, kulitaja jambo hilo mbele ya watu. Akaongeza, kwa upole, "Somoe hajasema kama mkanda umekaza."

Basi tukangoja. Mhogo nao haungoji. Ukikaa unaanza kuota michirizi myeusi ndani. Mama aliuhamisha kivulini, akailowesha kanga yake, akawa anauchungulia. Jana jioni akaniambia, "Waambie hao wenzake wafanye haraka, Asiyelia ataoza." Nilibaki nimelala hapa, mimi mwenye makala za kumaliza na maadui wa kujibu, nikilinda mhogo.

Leo asubuhi ujumbe wako wa sauti ukaingia. Niliufungua Mama akiwa kando yangu. Ulisema: "Dada. Mkanda haujasogea. Hata unywele. Mwambie Mama, Asiyelia yu mzima." Halafu tukakusikia unalia.

"Mbona analia," Mama akauliza, "si amesema mzima?"

"Anafurahi, Mama."

"Basi aje afurahie hapa." Na akachukua kisu.

Sasa nigeuke kidogo nizungumze na waliokaa pembeni wakisoma barua ya watu. Mnauliza faida ya kurusha chombo kitupu. Nitawajibu kwa sauti, kwa sababu ndiyo niliyonayo. Chombo kile hakikuwa kitupu. Kilijaa heshima. Mtu alipokwisha kutengeneza kitu kwa miaka, alipokwisha kuchoka nacho na kukipenda, akaambiwa na kila mtu kuwa kiko tayari, bado akasema: siwapandishi watu humu mpaka niwe nimekosea bila ya kumuua mtu. Huo ndio utu. Kama unaona ni upuuzi, ni kwa sababu hujazoea kufanyiwa.

Na kweli hatujazoea. Sisi huku ndio tumekuwa mhogo. Dawa mpya ya mikorosho inaletwa, tunaambiwa pulizeni, maelezo yanafuata tukiwa tumeanza kukohoa. Mtaala mpya unaanza kwa watoto wetu kabla mwalimu hajakiona kitabu. Utaratibu mpya wa kuuza mazao unatangazwa jukwaani leo, kesho mkulima ndiye anayegundua wapi umepasuka, na anaugundua kwa tumbo lake. Boti inapakiwa abiria kwanza, halafu ndipo injini inasikilizwa. Anayetuletea vitu hivyo hatulazi asiyelia. Anatulaza sisi, na tukilia anatuambia tuwe na subira. Mama yangu, ambaye hakupata kukaa darasani, aliliona kosa hilo mara moja, likavunja mkono wa mwanawe, na hakulirudia. Kuna watu wenye ofisi ambao wamelirudia mpaka wamestaafu nalo.

Na nyinyi wengine, mlioanza jana kusema "binti yetu", mnaotaka picha yake iwekwe kwenye mabango, nawaona. Karibuni. Lakini msimchukue Somoe mkaiacha bembea. Mkitaka kujivuna naye, siku mkileta jambo jipya Mtwara, leteni na mhogo wake.

Nimemaliza nao. Narudi kwako.

Ninajivuna, mdogo wangu. Ninajivuna mpaka ni aibu kwa mtu wa umri wangu. Nikiwa njiani kwenda kisimani leo nimemsimulia mwanamke nisiyemjua, na alipokwenda zake nikamsimulia mwenzake. Si kwa sababu umefika mbali. Wengi wamefika mbali wakarudi na miwani tu. Ninajivuna kwa sababu uliondoka hapa na kitu chetu, ukaingia nacho kwenye chumba cha watu wanaojua kila kitu, ukakiweka mezani bila kukionea haya, na ulipoachwa peke yako hukukiondoa. Upana wa kidole! Wangapi tungeliangalia lile bega tukasema liko sawa, tupeane mikono, twende tukale?

Umeniandikia kwamba unaogopa. Kwamba sasa ni zamu ya watu, na kwamba siku hiyo hutaweza kuangalia. Mimi sitakudanganya kuwa hakuna la kuogopa. Mama aliogopa ulipopanda wewe, na kamba ilikuwa imekwisha kulaliwa. Nilimwona. Alikulaza, akaondoa mikono, na mikono ikabaki hewani juu yako, haijui pa kwenda. Lakini aliiondoa. Kama asingeiondoa ungekua mapajani mwake, na leo kiti kile kingekuwa na mkanda ulioteleza upana wa kidole.

Kipande cha kwanza cha mhogo leo walinipa mimi tena. Nilisema apewe Mjomba, amezeeka. Akakataa, akasema haki ya dada mtu haigawiwi. Nikala. Ulikuwa na michirizi kidogo, lakini mtamu. Kipande chako Mama amekianika juani kiwe kopa, kisioze, na amewaambia kuku wote wa Msimbati kitakachowapata wakikigusa. Kitakungoja.

Tulipomaliza, vinywa vyote vimetafuna, Mama aliomba simu. Hajui kurekodi, kwa hiyo alinitaka nikuandikie, na niandike alivyosema bila kupamba. Alisimama pale uani, akakunja ile kanga iliyofungiwa mhogo, akaiweka begani. Akasema:

"Mwambie tumekula. Haya. Sasa watu wapande."

Dada yako,
aliyepanda bembea kabla ya mhogo